Mahindi Yaliyokwenda Studio

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri. Kama una chungu jikoni, nenda kakitazame halafu urudi. Sitaki mtu aje kuniambia maharage yake yaliungua kwa sababu yangu.

Mimi ni bibi wa kata ya Mpemba, hapa Tunduma. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Naandika kama ninavyosema, na ninavyosema watu wa barabara hii wanajua.

Juzi waliingia kwangu vijana wa muziki. Watanashati, viatu vyeupe, wamebeba kamera. Walitaka niwaeleze habari za lile kundi la zamani lililoanzia jikoni kwangu. Wakakaa kwenye makochi, na kabla hata hawajaniuliza swali wakaanza kuongea wao kwa wao: menejimenti, kolabo, shoo, video, nani kamdhulumu nani. Maneno mengi, mikono imelala mapajani kama watu waliokuja kuposa. Nikaagiza ungo na mahindi makavu. Nikamwekea kila mmoja hindi mkononi. Mmoja akaligeuza, akaligeuza tena, akaniuliza kwa adabu, "Bibi, hili tunachoma?"

Nilicheka. Mimi sicheki ovyo, waulizeni wajukuu zangu. Lakini siku ile nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nikiwa nimeshika ule ukuta nikaliona jiko langu la zamani lote, na moshi wake.

Lilikuwa jiko la mabati kando ya barabara kuu. Enzi hizo foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo ilianzia mpakani, ikapanda, ikafika huku Mpemba, na ikishafika haiondoki. Madereva wanalala humo, wanafua humo, wanaanika mashati kwenye vioo. Mimi nilikuwa nawapikia. Ugali, maharage yenye kitunguu cha kutosha, mboga ya majani, dagaa, na asubuhi chai ya tangawizi, maana upepo wa mwezi wa sita hapa unamchapa mtu kama fimbo. Ukiamka unasikia kwanza breki za hewa zinavyopumua, halafu makondakta wa ng'ambo wanaita Lusaka, Lusaka, halafu adhana, halafu jogoo wangu, ambaye alikuwa mvivu.

Jiko lile lilikuwa na sheria moja. Hakuna mtu kuongea mikono mitupu. Ukitaka kukaa ukapiga soga, karibu, lakini unapukuchua mahindi au unachambua maharage. Sheria hiyo niliitoa kijijini kwetu, Msangano. Nikiwa msichana tulipura ulezi na kina mama, fimbo zinapanda na kushuka pamoja, na huku fimbo zinashuka wao wanataniana kwa nyimbo: mwenye mume mlafi anatajwa, mvivu wa kupalia anatajwa, na anayetajwa anajibu hapo hapo, kwa mwendo ule ule, bila kuchelewesha fimbo. Ukichelewa, fimbo ya mwenzako inaipiga yako na wote wanakucheka. Mimi nilikuwa sichelewi. Mama yangu alikuwa anachelewa, Mungu amrehemu, na nilikuwa namcheka.

Sasa jikoni mle walikuwa wanakaa vijana watatu. Wa kwanza mjukuu wangu wa kiume, mtoto wa binti yangu. Mrefu, mwenye haraka, nikimwita mume wangu anaona aibu mbele ya wenzake. Wa pili mtoto wa jirani yangu, msafirishaji Mwislamu aliyetoka Tabora. Kijana mwenye akili ya biashara toka tumboni. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa namtunzia uji wake mpaka magharibi, na yeye ananiletea tende. Wa tatu binti, mjukuu wa marehemu dada yangu, anatoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia. Baba yake aliuza chumvi kule. Binti huyo alikuwa na maneno, jamani. Anachanganya Kiswahili, Kinamwanga na Kibemba kwenye sentensi moja na wewe unaelewa yote. Yeye nilimwita mke mwenzangu.

Walikuwa wanachana mistari. Ndivyo walivyosema wenyewe. Mmoja anasema mstari, mwingine anaudaka, na mahindi yanaanguka kwenye karai, kra, kra, kra. Na katikati wanabishana habari za kazi yao kama wazee wa baraza.

Walibishana sana juu ya wale wenye maduka ya kunakili kaseti. Mtoto wa jirani alikuwa upande wa wezi. "Waache wanakili," alisema. "Wakinakili wanatutangaza. Kesho tunajulikana mpaka Kitwe, tunapiga shoo, tunakula hapo."

Binti akamjibu bila kuinua kichwa. "Kwa hiyo mtu akiiba mahindi ya bibi, anamtangazia shamba?"

"Hiyo siyo sawa na muziki."

"Siyo sawa kwa sababu hujatunga hata mstari mmoja unaofaa kuibiwa."

Mjukuu wangu alianguka kwa kicheko akamwaga mahindi, nikamfokea. Lakini moyoni nilimpa binti ushindi.

Hukumu ya nyimbo zao ilikuwa kwa madereva. Redio ya kundi lile ilikuwa ni lori. Wanarekodi kwenye redio kaseti ya mjukuu wangu, juu ya mdundo wa wimbo wa watu wa Ulaya, halafu wanapeleka kaseti kwa dereva mmoja mnene wa njia ya Kongo, mteja wangu wa siku zote. Yeye anakaa kwenye ngazi ya lori na sahani yake, wimbo unapigwa kwenye kabini, na wao wanasimama pale wanatazama mdomo wake. Akiendelea kutafuna, wimbo mbaya. Akiacha kutafuna, kuna kitu.

Wimbo wao wa kwanza ulikuwa na bahari, magorofa na magari mekundu. Dereva alitafuna mwanzo mpaka mwisho, kisha akaniita, "Mama, niongezee mchuzi."

"Ameomba mchuzi," binti akasema. "Tumekwisha."

Mimi nilimuuliza mjukuu wangu, "Bahari umeiona wapi wewe?" Akasema wasanii wote wa Dar wanaimba bahari. Nikamwambia, "Wao iko mlangoni kwao. Mlangoni kwako kuna nini?" Akatazama nje. Kulikuwa na lori, kama kawaida. Alinuna siku nzima, lakini binti hakununa. Binti alikuwa anapukuchua na midomo inacheza.

Baada ya muda akaja na hii, na mimi naikumbuka yote, maana niliisikia mpaka ikaingia kwenye mifupa:

*Lori limesimama Mpemba, tairi zimeota majani,*
*dereva amekuwa mwenyeji, anawajua hadi majirani,*
*mkewe anauliza Ndola, huyu mume yuko mpaka gani?*
*Bibi kampa ugali: kula kwanza, utafika nyumbani.*

Ilikuwa ndefu zaidi, na wenzake nao waliweka ya kwao. Walimchania yule dereva pale pale kwenye ngazi, bila kaseti. Alikuwa ameshika tonge. Tonge halikufika mdomoni. Akasema, "Rudia hapo kwa mke wangu." Ikarudiwa. Akaweka sahani chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Nendeni studio ya kweli, huu nitaubeba mpaka Lubumbashi na kila mwenye redio nitamgongea mlango."

Ungedhani wamepata ufalme. Lakini mambo yalikuwa yamebana upande mwingine. Baba wa binti, kule Nakonde, alikuwa amechoka. Yeye ni mtoto wa dada yangu, ananiita Mama, na ni mtu wa maneno machache. Alikuwa ameshamwambia binti yake: mavuno yakiisha na mimi sijausikia huo muziki wako popote zaidi ya jikoni kwa bibi yako, unakwenda Kitwe kwa shangazi kujifunza cherehani. Hakuwa mbaya. Aliogopa. Binti wa kike, mpakani, kati ya madereva, nani asingeogopa? Na mavuno yalikuwa yameanza, mahindi yanaingia nyumba hadi nyumba kwa magunia. Binti alikuwa hali vizuri. Cherehani ni kazi ya heshima, lakini yeye mikono yake haikutaka sindano, na bila yeye lile kundi lilikuwa vijana wawili wanaogombana.

Wakapata nafasi Mbeya, kwa kijana mmoja mwenye studio chumbani kwao. Mchana mmoja tu, maana wasanii wengine walikuwa wamepanga mstari na umeme ulikuwa wa mgao. Baba yake binti akasema hawezi kumwachia mtoto wa kike asafiri na wanaume wawili. Nikasema nitakwenda mimi. Nikafunga jiko, jambo ambalo nilikuwa nafanya Ijumaa Kuu tu, nikabeba na kikapu cha mahindi makavu, zawadi ya mkwe wangu wa kule, maana siwezi kupita Mbeya mikono mitupu.

Chumba chenyewe kilikuwa na magodoro ukutani na mablanketi mlangoni. Joto. Kompyuta moja, na kipaza sauti kimesimama katikati kama mchungaji. Bwana wa studio alikuwa mpole. Akatengeneza mdundo wake, akasema haya, simameni hapa, anzeni.

Wakaharibu.

Mjukuu wangu alikimbia kama anafukuzwa na nyuki. Mtoto wa jirani alisahau maneno yake mwenyewe, akabaki anasema "eeh, eeh". Na binti, yule binti mwenye maneno, alisimama na mikono yake inaning'inia, anaitazama, sauti haitoki. Wakarudia. Vile vile. Wakarudia tena, mbaya zaidi. Bwana wa studio akazima, akapiga miayo bila kukusudia, akatazama saa. Nje waliofuata walikuwa wameshafika, nawasikia wanacheka.

Mjukuu wangu akaanza kumlaumu mwenzake. "Wewe ndiye unanitoa kwenye biti!"

"Biti gani, wewe umeshafika Tunduma, sisi bado tuko Mbeya!"

Binti aliutazama mlango. Nikajua anaiona Kitwe.

Bwana wa studio akanigeukia. "Shikamoo tena, bibi. Hawa huwa wanafanyia wapi mazoezi?"

"Jikoni kwangu."

"Wakiwa wamesimama hivi?"

"Nani asimame jikoni kwangu? Wanakaa, wanapukuchua."

Hapo binti akageuka, akatazama kikapu changu. Nikajua anachotaka kabla hajasema. "Bibi," akasema, "tunaomba mahindi."

"Haya ni ya mkwe wangu."

"Bibi, nakuomba."

Sasa mkwe wa watu unamwendea na mahindi yaliyopukuchuliwa nusu? Kwetu hiyo ni aibu, ni kama kumpelekea mtu sahani uliyokwisha kula. Lakini nilitazama ile mikono yake inayoning'inia. Nikasukuma kikapu kwa mguu, nikatazama ukutani ili wasinione.

Bwana wa studio akaruka. "Hapana, hapana, jamani, kelele! Kipaza sauti kinachukua kila kitu!" Wao walikuwa wameshakaa chini sakafuni. Mtoto wa jirani anatoa safu ya kwanza kwa ufunguo, wengine wanafuata kwa kidole gumba. Na mahindi yanaanguka kwenye saruji, na binti ameanza, polepole, sauti ya jikoni, lori limesimama Mpemba. Mjukuu wangu akaudaka mahali pake hasa. Yule bwana alikuwa amevaa spika zake masikioni na mkono ameuinua kuwazuia. Mkono ukabaki juu. Halafu akaanza kuutikisa, taratibu, na kichwa kikafuata.

"Msiache," akasema. Akatoka mbio, akarudi na karai la mama yake, bado lina povu la sabuni. Akalifuta kwa shati, akaliweka katikati yao, akakivuta kile kipaza sauti chini mpaka kikakaribia karai. Ule mdundo wake aliouhangaikia akauzima. "Twende hivyo hivyo."

Walikwenda mara moja, bila kukosea. Ila mwishoni mjukuu wangu alipandwa na furaha, akarusha mahindi nje ya karai, na mimi nikasahau niko wapi. "Unamwaga chakula, wewe mume! Okota!" Nilifoka kweli kweli. Nikaziba mdomo, nimechelewa. Nikaomba msamaha, nikasema warudie. Bwana wa studio alikuwa anacheka amelalia meza. Akasema, "Bibi, hiyo hatuitoi hata kwa mtutu."

Kwa hiyo ndivyo ulivyobaki. Wimbo unaanza na mahindi na unaisha na mimi.

Mkwe wangu nilimpelekea punje kwenye mfuko na maelezo. Akauchungulia mfuko, akasema ahsante. Bado hatujalizungumza vizuri jambo lile.

Dereva aliubeba, kama alivyosema. Haukuwa wimbo wa kuitikisa nchi, nisiwadanganye. Redio ya Mbeya iliupiga, ya Lusaka tukaambiwa nayo imeupiga, lakini nyumba yake ilikuwa barabarani. Ukipita kwenye foleni unausikia kwenye lori hili, unakwisha, unaanza tena kwenye lori la mbele. Madereva wakija kula wananiita "Okota". Hodi, Mama Okota, kuna maharage?

Basi mchana mmoja mavuno yanaelekea mwisho, akaingia baba yake binti. Kavuka mpaka kwa miguu, ana vumbi la chumvi kwenye mikunjo ya shati. Binti alipomwona akasimama. Vijana wale wawili wakawa wadogo ghafla.

"Mulishani, Mama," akanisalimu.

"Karibu, baba. Kaa."

"Jana pale kwetu nilipita kwenye lori, nikasikia unafoka."

"Nafoka kila siku. Ulitaka unisikie nikibembeleza?"

Hakucheka. "Na yule anayemuulizia mume wake kutoka Ndola, ni nani?"

"Muulize mwenyewe, huyo amesimama." Nikampa hindi. Sheria ni sheria, hata kwa mtoto wa dada. Akalipokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda, akaanza kupukuchua kama kila mtu. Kisha akasema kumwelekea karai, si kumwelekea binti yake, "Haya. Nisikie."

Binti akakaa mbele yake, akachukua la kwake. Alianza kwa sauti ndogo. Lakini punje zikaanza kuanguka, za baba na za mtoto, mwanzoni kila mtu na mwendo wake, halafu nikasikia mikono ya baba inamfuata yule binti. Hakujua kama anamfuata. Alimfuata mpaka kwenye ule mstari wa mke, na hapo vidole vyake vikasimama. Yeye mwenyewe miaka ya nyuma alikuwa akisafirisha chumvi mbali, na mama yake binti alikuwa akikaa hivyo hivyo, anauliza. Binti ndiye aliyekuwa mtoto mle ndani, akisikia.

Hata maharage nadhani yaliacha kuchemka.

"Mimi muziki siujui," akasema baba mwisho. "Maneno yako nimeyaelewa yote." Akalimaliza lile hindi, akaliweka gunzi kwenye rundo. "Kitwe acha. Kaa hapa kwa bibi yako. Jumapili uje mama yako akuone." Akala, akashiba, akaondoka, na mfukoni kaseti, ambayo alidhani sikumwona akipewa.

Nilipata miaka mizuri baada ya pale. Jiko lilijaa. Walikuja vijana wa Vwawa, wa Nakonde, hata mmoja wa Mbozi Mission mwenye sauti ya kwaya, wanabishana habari za vina na mapromota, na mimi sikumlipa mtu kazi ya kupukuchua hata msimu mmoja.

Sasa lile jiko halipo. Palipita upanuzi wa barabara, sasa pana duka la vipuri. Kaseti hakuna. Dereva mnene alistaafu, alinitumia salamu kutoka Morogoro. Mtoto wa jirani ana kibanda cha simu, anawawekea watu nyimbo kwenye kadi, na binti akija kutoka Lusaka, anakoimba na wenzake, anamwita mwizi mbele ya wateja wake, naye anafurahi. Mjukuu wangu ni dereva wa lori. Ndiyo. Ndiye anayekaa kwenye foleni sasa, naye anakuja kula kwangu, na akiisikia redio ya mtu haachi kutafuna kirahisi.

Na mahindi yanapukuchuliwa na mashine. Inakuja na trekta, inanguruma, kwa muda wa kunywa chai imemaliza kazi ya mwezi. Sina ugomvi nayo, imeniponyesha kidole gumba. Lakini ikinguruma huwezi kumsikia hata aliye ubavuni kwako.

Wale vijana wa kamera walipukuchua mpaka vidole vikawa vyekundu. Mara ya kwanza wakinung'unika, kisha wakiulizana, na jua lilipofika dirishani mmoja alikuwa ameanza kuguna mdundo, na mwenzake akaudaka, na kamera ilikuwa imelala kwenye kochi wameisahau. Nilikwenda uani nikawaita wa nyumbani wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia hivi: "Mashine ikija mwaka huu, pelekeni mahindi yote, ila gunia moja liacheni hapa jikoni, lisiguswe. Na yeyote atakayekuja kuongea muziki, mpeni hindi kabla hamjampa kiti."